Lango la Sempaya: Mbona Li Kimya?

Uganda ina Mbuga za Taifa kumi. Ukimwambia mwanafunzi wa shule yetu azitaje, ataanza na Queen Elizabeth kwa ajili ya simba, atafuata na Murchison Falls kwa ajili ya maporomoko ya Nile, kisha Bwindi kwa ajili ya masokwe wa milimani. Na akifika ya saba au ya nane ataanza kujikuna kichwa. Mara nyingi aliyoisahau ni Semuliki. Jambo hili ni la ajabu, kwa kuwa kutoka Fort Portal mpaka lango lake la Sempaya ni kama kilomita 50 tu, njia yote ni ya lami, na motokaa za Bundibugyo hupita mbele ya lango mchana kutwa. Abiria hulitazama kwa dirisha, kisha huendelea na safari zao.

Chama chetu cha Jiografia kilifika huko katika likizo ya Januari. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili na mwalimu mmoja. Tulipokuwa tukiandika majina katika kitabu cha wageni nilifunua kurasa za nyuma, nikaona siku kadha wa kadha zisizo na jina hata moja. Nikamwuliza askari wa zamu, "Afande, leo mmepata wageni wangapi?" Akajibu, "Leo ni ninyi." "Na jana je?" Akacheka, akasema, "Jana ilinyesha mvua."

Jibu lake lilituchekesha, lakini halikunitosha. Kwa hiyo katika makala haya nataka kueleza ni kitu gani kilichomo ndani ya lango lile, kwa nini kimo pale na si mahali pengine, na kwa nini watu hawaingii. Tena nitaeleza ni nani apataye hasara watu wasipoingia, maana yuko apataye hasara, wala si mtalii.

Kwanza niseme neno juu ya jina. Kwa Kiswahili tumezoea kusema "mbuga", na mtu asikiapo mbuga huwaza nyasi kavu na punda milia. Usivitafute vitu hivyo Sempaya. Mahali hapo ni msitu, tena msitu wa bondeni wenye joto na matope, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 220. Ulikuwa msitu wa Serikali tangu mwaka 1932, ukatangazwa kuwa Mbuga ya Taifa mwezi wa Oktoba 1993. Upande wa magharibi umepakana na mto Semliki, na ng'ambo ya mto ni Kongo. (Mto huandikwa Semliki na mbuga huandikwa Semuliki, lakini neno ni moja.)

Ukitoka Fort Portal barabara huelekea kaskazini, nao mlima Rwenzori uko mkono wa kushoto. Hupita Kichwamba, mahali ambapo nitaparudia, halafu Karugutu, ambapo njia moja hushuka kwenda Ntoroko penye Ziwa Albert. Njia yetu hukata kushoto, ikauzunguka mwisho wa mlima upande wa kaskazini na kupenya mahali paitwapo Buranga. Hapo motokaa huanza kushuka, masikio huziba kidogo, hewa huwa nzito, na kila mtu huvua koti lake. Kisha unauona msitu wote chini yako. Rangi yake si kama mashamba ya chai ya Fort Portal. Inakaribia weusi, na msitu wenyewe umelala sawasawa kama mkeka mpaka kwenye milima ya Kongo. Mto hauonekani. Asubuhi huujua kwa ukungu tu.

Wanafunzi wa zamani waliotoka Bwamba watakumbuka barabara ya udongo iliyokuwapo kabla ya lami, nyembamba, yenye kona za ghafula. Lori likikwama, wote walilala njiani. Mlima huu ndio sababu ya kwanza ya kimya cha Sempaya. Kwa muda mrefu Bwamba ilikuwa nchi ya nyuma ya mlima, na watu wa mbele ya mlima hawakuwa na haja ya kuizungukia.

Lakini mlima huo huo ndio pia sababu ya msitu kuwapo pale, na hapa nawaomba wasiopenda Jiografia wanivumilie kidogo. Rwenzori si mlima wa moto kama Kilimanjaro au Muhavura. Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa wakati ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa. Upande mmoja wa ufa ulipanda, upande wa pili ukadidimia. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109 juu ya bahari. Sakafu ya msitu wa Semuliki ni kiasi cha mita 700 tu. Wala hapo si mwisho wa bonde, kwa maana mito imekuwa ikileta mchanga na udongo kwa mamilioni ya miaka, hata unene wake umefika kilomita kadha. Kwa hiyo mahali tunapopaona tambarare ni shimo lililojazwa.

Ardhi yenyewe haijatulia. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa liliua zaidi ya watu mia moja katika pande hizi na ng'ambo ya Kongo, na mwezi wa Februari 1994 likaja jingine lililobomoa nyumba nyingi karibu na Fort Portal. Babu zetu wanakumbuka la kwanza, na wazazi wetu la pili.

Basi kwa kuwa bonde liko chini, lina joto, na mvua yake ni nyingi, miti ya Kongo huota humo kama kwao. Msitu wa Semuliki ni ulimi wa msitu mkuu wa Ituri uliovuka mto na kuingia Uganda. Wataalamu huamini kwamba maelfu ya miaka iliyopita, wakati barafu ilipofunika nchi za kaskazini na Afrika ikakauka, misitu mingi ilikufa au ilipungua sana, ila huu ni mmoja wa michache iliyosalia. Ndiyo maana una viumbe vingi vya kale. Ndege peke yao ni zaidi ya aina 400, na katika hao kuna aina zaidi ya 30 ambazo huwezi kuziona mahali pengine katika Afrika ya Mashariki. Mwenye kupenda ndege huweza kusimama Sempaya akawatazama ndege wa Kongo pasipo kuvuka mpaka.

Kuna mnyama mmoja ambaye sikumwona, lakini nilisoma habari zake na mwongozaji wetu akazithibitisha. Ni mdogo, mfano wa paa, hana pembe, ana madoa na mistari myeupe ubavuni. Akiona hatari haendi mbio porini kama wenzake, bali hujitosa mtoni akapiga mbizi. Katika Uganda anajulikana kuwa katika msitu huu tu.

Mwaka 1889 Stanley alipita katika bonde hili akitoka Ituri, ndipo akapata hakika ya kwamba Semliki huyatoa maji ya Ziwa Edward na kuyapeleka Ziwa Albert. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja, hivyo Kiswahili kilisikika hapa kabla ya shule yoyote kujengwa. Mpaka leo katika soko la Bundibugyo mfanya biashara wa Uganda na mwenzake wa Kongo huelewana kwa Kiswahili, na askari wa langoni, ambaye kwao ni mbali mashariki, alisema nasi kwa lugha hiyo hiyo. Naandika haya kwa ajili ya wenzetu wanaouliza kila muhula kurasa hizi za Kiswahili zina faida gani.

Sasa nije kwenye chemchemi za maji moto, ambazo ndizo humleta karibu kila mgeni aingiaye Sempaya. Ziko mbili kubwa. Ya kike huitwa Nyansimbi, na njia yake ni fupi, inapita katikati ya mikindu na michikichi. Ya kiume huitwa Bintente, nayo ni mwendo wa kama nusu saa katika msitu, kisha juu ya daraja la mbao lililotandikwa juu ya bwawa. Mwongozaji alitusimulia kwamba hapo kale mwindaji mmoja alitoka na mkuki wake asirudi, na watu waliomtafuta waliukuta mkuki kando ya chemchemi moja. Mkewe alipokwenda kumtafuta naye akapotea, nguo zake zikaonekana kando ya chemchemi ya pili. Hivyo kila moja ikapewa jina la mmojawapo. Mzee mmoja katika gari letu, tulipokuwa tukirudi, aliisimulia kwa namna nyingine kidogo, na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo sahihi.

Ukikaribia Nyansimbi husikia kwanza mlio kama wa sufuria kubwa iliyofunikwa. Kisha pua hupata harufu ya kiberiti. Halafu msitu unakwisha ghafula na mbele yako pana uwanja wa mawe meupe na ya manjano, mvuke umepanda, na katikati maji yanaruka juu bila kupumzika. Udongo wa pembeni ni mwembamba na chini yake mna maji ya moto, kwa hiyo usiondoke katika njia hata kama picha nzuri iko hatua mbili tu mbele.

Mwongozaji alisema joto la maji ni digrii 103. Hapo mabishano yakaanza. Mmoja wetu, ambaye amekwisha chagua Fizikia kwa mtihani wa mwisho, akasema haiwezekani: maji huchemka kwa digrii 100 pwani, na kila uendapo juu mita 300 hupungua digrii moja hivi, basi Sempaya, kwa mita 700, maji yapaswa kuchemka kabla ya kufika 98, na yakishachemka hayapandi tena. Mwongozaji alikasirika kidogo, akasema hicho ndicho kipimo kilichoandikwa. Mwalimu akawapatanisha. Alisema maji yaliyo chini ya ardhi yanakandamizwa na maji mengine na mwamba ulio juu yake, kwa hiyo huweza kuwa na moto zaidi ya mia moja bila kuchemka, kama maji yaliyomo katika sufuria ya kufunga kwa skurubu. Yakipanda mpaka juu, lile kandamizo linaondoka mara moja, na sehemu yake hugeuka mvuke palepale. Mvuke huo ndio unaoyarusha maji. Kwa hiyo chini huweza kuwa na moto mwingi sana, lakini juu hayawezi kuzidi kiasi chake cha kuchemka. Wataalamu waliopima juu wamepata kama digrii 98. Nadhani mwanafunzi mwenzetu alistahili sifa, ingawa Afande hakumpa.

Na moto huo unatoka wapi, ikiwa Rwenzori si mlima wa moto? Chemchemi za Sempaya zimepangana juu ya ufa wenyewe, chini kabisa ya mlima. Maji ya mvua huzama katika ufa mpaka penye mwamba wenye moto, kisha hupanda tena. Tena wataalamu waliopima gesi zinazotoka na maji wamekuta dalili kwamba sehemu yake inatoka mbali chini ya ganda la dunia. Serikali imepeleka wachunguzi mara nyingi kuona kama joto hilo laweza kuendesha mitambo ya umeme. Mpaka leo kazi yake inayoonekana ni kupika mayai. Wageni huyatia katika kikapu na kuyashusha majini, na baada ya dakika kumi yameiva. Ndizi nazo huiva, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Watu wengi wakishakula mayai hupanda motokaa na kurudi Fort Portal. Mimi naona hapo ndipo safari ingefaa kuanza. Kilomita kadha mbele, upande wa Bundibugyo, penye daraja la mto Kirumia, uko mlango wa njia ya miguu iendayo mpaka ukingo wa Semliki, kiasi cha kilomita 13. Mlango huo mtu aliye ndani ya basi hawezi kuujua. Mashamba ya kakao yamefika karibu kabisa, na mahali pa kuingilia panafanana na njia ya mtu yeyote kwenda shambani kwake. Huwezi kuingia bila mwongozaji. Na mwenye kutaka kufika mtoni hana budi kuchukua hema, kwa maana kwenda na kurudi siku moja ni kujiua kwa miguu, tena mto Kirumia wenyewe huvukwa zaidi ya mara moja.

Sisi tulipewa saa nne tu. Hatua mia za kwanza nilisikia bado redio ya mtu na pikipiki barabarani. Hatua mia tano, sikusikia kitu. Miti ya muhimbi, ambayo mbao zake ni ngumu kama chuma, imesimama mikubwa na mizizi yake imetandaa kama kuta. Chini pana giza la saa kumi na mbili ijapokuwa ni saa tano za mchana. Mbega weusi kwa weupe walikaa juu wakitutazama bila haraka. Hondohondo walipita juu ya miti na sauti ya mabawa yao ilikuwa kama ya mtu anayekung'uta blanketi. Matope yalitufika juu ya vifundo, na kijana mmoja alikiacha kiatu chake ndani yake, tukakichimba kwa mkono.

Nimekwisha taja mlima kuwa sababu ya kwanza ya kimya. Ya pili ni vita. Tangu mwezi wa Novemba 1996 waasi wa ADF walikaa katika milima hii, na kwa miaka kadha watu wengi wa Bwamba waliishi katika makambi. Tarehe 8 Juni 1998 waliushambulia mji wa vijana wasomao, yaani chuo cha ufundi cha Kichwamba, kile nilichosema kiko njiani. Walifunga mabweni wakayatia moto. Wanafunzi 80 waliteketea na wengine wakachukuliwa. Walikuwa wa umri wetu sisi tuliomo darasani sasa. Baadaye amani ikarudi, lakini mwezi wa Desemba 2022 waasi hao walivuka Semliki wakaingia wilaya ya Ntoroko, jeshi likapigana nao; na mwezi wa Juni 2023 wakaingia shule moja ya sekondari huko Mpondwe, mwisho wa pili wa mlima, wakaua zaidi ya watu arobaini, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo sitasema kwamba woga wa watu ni wa bure. Mwalimu wetu alipiga simu katika ofisi ya mbuga kabla ya kuomba ruhusa ya Mwalimu Mkuu, na katika njia ya Kirumia tulitembea na askari wenye silaha. Yeyote atakayefuata na afanye vivyo hivyo.

Sababu ya tatu ni jina baya la magonjwa, nayo yahitaji maelezo kwa sababu si haki. Mwaka 1936 taasisi ya kuchunguza homa ya manjano ilifunguliwa Entebbe, na wataalamu wake wakaichagua Bwamba kuwa mahali pa kutega mbu na kuchunguza damu. Mwaka 1937 walipata virusi vya homa ya Bwamba. Mwaka 1942 wakapata katika mbu virusi vingine, wakaviita Semliki Forest. Na mwaka uliofuata vikapatikana vya Bunyamwera. Halafu mwaka 2007 ikatokea Ebola katika wilaya ya Bundibugyo, nayo ilikuwa aina mpya, hata ikapewa jina la wilaya. Mtu akisoma orodha hiyo atadhani nchi nzima ni sumu. Lakini jambo moja la kukumbuka ni kwamba wavumbuzi huvumbua mahali wanapotafuta. Misitu mingine mingi ina virusi ambavyo bado havijapewa jina kwa sababu hakuna aliyekwenda kuvitega. Na virusi vya Semliki Forest vimekuwa na faida kubwa: katika maabara za Ulaya na Marekani vimetumika miaka mingi kufundishia jinsi virusi vinavyoingia katika chembe ya mwili. Jina la msitu wetu limesafiri zaidi katika chupa za wataalamu kuliko katika midomo yetu.

Sasa, nani apataye hasara? Sheria ya Uganda inaagiza kwamba asilimia 20 ya ada ya kuingilia mbugani irudishwe kwa watu wa jirani kwa ajili ya shule, zahanati, madaraja na mengineyo. Kwa kila shilingi mia zinazolipwa langoni, ishirini ni zao. Mpango huo ni mwema, lakini ishirini katika mia ya kitu kidogo ni kidogo. Wanyama hawapungui kwa sababu wageni ni wachache. Msitu ukiwa na wageni elfu au kumi, nyani ni wale wale, na njaa yao ni ile ile.

Kando ya mlango wa Kirumia tulimkuta mama mmoja katika shamba lake la kakao. Alituonyesha makokwa yaliyotobolewa na kunyonywa utamu wake, yametupwa chini. Kakao ndilo zao kubwa la fedha katika Bundibugyo. Mwenzetu mmoja ajuaye Lubwisi alimwuliza, "Mama, hasara hii nani anakulipa?" Akajibu, "Mwanangu, mimi ndiye ninayelipa. Watoto wangu wawili wanalinda kwa zamu. Leo huyu yuko shule na yule yuko hapa, kesho watabadilishana. Wakienda wote, kakao nayo inakwenda." Yule aliyekuwa zamu alikuwa juu ya kichuguu na manati, umri wake kama miaka kumi. Alitusalimu vizuri, kisha akaendelea kutazama miti.

Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda kuliko ilivyopata kuwa, na kila mwenye shamba alitamani ekari moja zaidi. Ekari hiyo iko wapi? Upande mmoja ni mlima, ambao mvua kubwa za Desemba 2019 zilionyesha jinsi unavyoporomoka ukilimwa, watu wakafa. Upande wa pili ni msitu. Msitu huo una askari, nao wanafanya kazi yao. Lakini mama yule akiulizwa msitu unampa nini, sidhani jibu lake lingekuwa refu.

Wako na wengine. Huko Ntandi, mbele ya Sempaya, wanakaa Wabatwa wachache, ambao wazee wao waliishi msituni kwa kuwinda na kurina asali, ndugu wa wale wa Ituri. Msitu ulipofanywa Mbuga ya Taifa, kuwinda humo kulikatazwa, nao hawakuwa na mashamba ya kuwangoja nje. Wengine sasa wanaishi kwa vibarua na kwa kuwachezea wageni ngoma, na wageni wenyewe ndio hao wachache. Nilimwuliza mmoja wao, "Mzee, zamani mliingia msituni kwa lango la wapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema kwa Kiswahili, "Msitu haukuwa na lango."

Wengine katika chama chetu walisema kwamba dawa ni kujenga hoteli kubwa Sempaya. Mimi sikubaliani nao. Hoteli itangoja watu wa ng'ambo, na watu wa ng'ambo husikia neno "waasi" wakafuta safari siku hiyo hiyo. Sisi tulio karibu tunajua barabara iko wazi siku gani. Shule za sekondari zilizo katika Toro, Bwamba na Kasese, kama kila moja ingepeleka darasa moja kwa mwaka, kitabu cha wageni kingebadilika sura. Ada ya mwenyeji ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa nje, na mtihani wa Jiografia kila mara una swali la Bonde la Ufa. Wanafunzi wa zamani wenye magari yao hawana udhuru hata kidogo.

Chama cha Jiografia kinakusudia kwenda tena katika likizo ya Januari ijayo, safari hii siku mbili, tulale Kirumia tuone kama tutaufikia mto. Wanaotaka wampe katibu majina yao kabla ya katikati ya muhula wa tatu, kwa kuwa mwalimu hana budi kuuliza mapema bei ya makundi ya shule na hali ya usalama. Kila mtu alete buti za mpira, shati la mikono mirefu, chandarua, na soksi za kubadili. Januari na Februari, na tena Juni na Julai, ndiyo miezi yenye matope kidogo, sikusema hakuna. Mayai tununue Karugutu, ambako ni rahisi, na mtu ayabebe mapajani, maana kona za Buranga bado zipo, lami au si lami.